Nyumba na Afya: Vumbi Lenye Subira



Juma lililopita nilipokea barua ndefu kutoka Rumonge, iliyoandikwa kwa mwandiko wa mtu aliyezoea kushika daftari la matumizi ya nyumbani: mistari imenyooka, hesabu ziko pembeni, na hakuna neno la ziada. Mwandishi wake ni mama wa watoto wanne, na mumewe ni askari. Anaeleza kwamba mumewe na wenzake walipewa kazi ya kubomoa ghala la zamani kando ya ziwa, ambalo kuta zake zilikuwa zimelegezwa na maji. Paa la ghala hilo lilikuwa la mabati mazito ya kijivu, yale ambayo wazee wetu huyaita eterniti. Vijana walipanda juu, wakayapiga kwa nyundo, nayo yakaanguka vipande vipande. Jioni mumewe alirudi nyumbani mwenye vumbi jeupe kichwani na mabegani, na mtoto mdogo akamkimbilia na kumrukia kifuani kama ilivyo desturi yake. Siku ya pili baba alileta mabati manane yaliyosalia mazima, akasema yatafaa kuezekea banda la kuku.

Mama huyo ana maswali matatu. Je, ni kweli kwamba vumbi lile lina madhara, kama alivyoambiwa na muuguzi jirani yake? Je, mabati yale manane ayafanyie nini? Na je, ni nani aliyepaswa kumwonya mumewe kabla hajapanda juu ya paa? Swali la tatu ndilo zito kuliko yote, nami nitalifikia. Lakini yafaa tuanze na la kwanza, maana askari hapigani vema na adui asiyemjua.

JIWE LENYE NYUZI

Asbesto haikutengenezwa na binadamu. Ni jiwe lichimbwalo ardhini, na katika bara letu lilichimbwa kwa miaka mingi Afrika Kusini, Zimbabwe na Swaziland, ambayo sasa huitwa Eswatini. Jiwe hili lina ajabu moja: likipondwa haligeuki mchanga, bali hupasuka kuwa nyuzi, mfano wa nyuzi za katani, lakini nyembamba kuliko unywele mara nyingi sana. Nyuzi hizo haziungui kwa moto wa kawaida, haziozi, na mchwa hawazili. Ndiyo sababu wenye viwanda walizipenda mno. Walizifungia mabomba ya mvuke na matangi ya moto melini, wakazitia katika breki na klachi za magari, na zaidi ya yote wakazichanganya na saruji ili kupata mabati ya kuezekea, mabomba ya maji na mbao za dari.

Mchanganyiko huo wa saruji ulipewa hataza mwaka 1901 kwa jina la Ludwig Hatschek, mtu wa Austria. Aliuita Eternit, jina lililotokana na neno la Kilatini lenye maana ya umilele. Nchini Ubelgiji kampuni ya jina hilo ilianzishwa mwaka 1905, na baadaye ikawa na kiwanda katika mji wa Kapelle-op-den-Bos. Kwa kuwa Wabelgiji waliitawala nchi yetu hadi mwaka 1962, si ajabu kwamba jina hilo limezoeleka vinywani mwetu kama jina la bati lolote la saruji, awe nani aliyelitengeneza.

Lakini kitu kidumucho milele, ambacho ni kizuri kwa paa, ni kibaya kwa pafu. Uzi wa asbesto ukivutwa pamoja na pumzi hupita puani, hupita kooni, ukafika ndani kabisa mahali ambapo hewa hukutana na damu. Mwili hujaribu kuumeza na kuumeng'enya, ushindwe. Hujaribu kuutoa, ushindwe vilevile. Basi uzi hukaa pale, na nyama iliyouzunguka huvimba, hupona, huvimba tena, na mwisho huacha kovu. Makovu yakiwa mengi, pafu hukakamaa kama ngozi iliyoanikwa juani, na mgonjwa hukosa pumzi hata akitembea kutoka kitandani hadi mlangoni. Ugonjwa huo huitwa asbestosisi, na hadi leo hauna dawa ya kuuponya. Nyuzi hizohizo huleta saratani ya mapafu, saratani ya koo la sauti na ya kifuko cha mayai ya mwanamke, na pia saratani moja ya pekee iitwayo mesotelioma, ambayo hushika utando laini unaozunguka mapafu au tumbo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba zaidi ya watu 200,000 hufa duniani kila mwaka kwa sababu ya asbesto waliyoivuta wakiwa kazini.

Sasa sikiliza jambo ambalo hufanya vumbi hili liwe la hila kuliko mengine. Halimchomi mtu koo, halina harufu, wala halimtoi machozi. Anayelivuta leo hulala salama usiku, na kesho huamkia kazini. Ugonjwa huja baada ya miaka 20, 30, na pengine 40 au zaidi. Kijana aliyelivuta akiwa askari mpya huugua akiwa mstaafu, kofia ameirudisha ghalani, na mkuu wake wa zamani hayupo tena wa kuulizwa. Hili ni vumbi lenye subira.

Hata hivyo sipendi kumtia mama yetu hofu isiyo na kipimo. Hatari huongezeka kwa wingi wa vumbi na kwa urefu wa muda ambao mtu amelivuta. Siku moja ya kazi haimfanyi mtu kuwa mgonjwa wa hakika, na wengi waliolivuta mara moja hawaugui kamwe. Lakini wataalamu hawajapata kiwango ambacho chini yake mtu anaweza kusema, "Hapa ni salama kabisa." Kwa hiyo busara ni moja: siku ya kwanza iwe ya mwisho. Tena, kama mume anavuta sigara, hii ndiyo sababu ya kuiacha. Sigara na asbesto zikikutana katika pafu moja, hatari ya saratani ya mapafu huzidi mara nyingi kuliko ile ya kila kimoja peke yake.

MKE WA MFUAJI NA MFANYAKAZI NI MMOJA

Kwa muda mrefu watu walidhani kwamba haya ni mambo ya wachimbaji na wenye viwanda tu. Mwaka 1965 madaktari wawili wa London, Newhouse na Thompson, walitangaza uchunguzi wao kuhusu wagonjwa wa mesotelioma. Miongoni mwao waliwakuta watu ambao hawakufanya kazi ya asbesto hata siku moja. Baadhi yao walikuwa wanawake ambao waume zao walifanya kazi hiyo, nao wakawa wakizikung'uta na kuzifua nguo zao za kazi. Wengine walikuwa wakiishi karibu na kiwanda tu.

Huko Kapelle-op-den-Bos kwenyewe ilitokea habari ambayo haipendezi kusimuliwa lakini inafundisha. Mhandisi mmoja wa kiwanda alikufa kwa mesotelioma mwaka 1987. Mkewe, ambaye hakuajiriwa kiwandani, alikufa kwa ugonjwa huohuo mwaka 2000, na baada yake wakafa wana wawili katika watoto wake watano. Kabla ya kufa, mama huyo alikataa fidia ya kimyakimya iliyotolewa ili asishitaki, akafungua kesi. Mwezi Novemba 2011 mahakama ya Brussels iliamua kwamba kampuni ya Eternit ilikuwa na hatia ya kuwaacha watu katika hatari iliyoijua, na mwaka 2017 mahakama ya rufani ilithibitisha wajibu huo.

Kwa sababu hiyo nawaandikia wake wa askari na polisi kama ninavyowaandikia waume. Sare iliyojaa vumbi la bati la kijivu isikung'utwe mlangoni, wala isipigwe mswaki, wala isichanganywe na nguo za watoto. Ilowekwe majini ikiwa bado imekunjwa, ifuliwe peke yake, na maji yake yamwagwe mbali na mahali pa kuchezea. Lakini lililo bora ni sare hiyo kutofika nyumbani kabisa. Mtu avue kazini, aoge kazini, na nguo zishughulikiwe kazini. Hayo si maoni yangu peke yangu. Mkataba Namba 162 wa Shirika la Kazi Duniani, uliopitishwa mwaka 1986 kuhusu usalama katika kutumia asbesto, unamtaka mwajiri atoe nguo za kazi na kusimamia usafishaji wake, na unakataza nguo hizo kupelekwa nyumbani.

MABATI MANANE

Nije kwenye swali la pili. Bati la asbesto hutambulikanaje? Kwa kawaida ni la kijivu, nene, zito, lenye mawimbi, halina kutu, likigongwa halilii kama chuma, na likivunjika huvunjika kama chungu, na pengine ukingoni huonekana vinyuzinyuzi. Lakini jicho peke yake halithibitishi. Siku hizi kuna mabati ya saruji yasiyokuwa na asbesto, na yanafanana na yale ya zamani kama mapacha. Jawabu la hakika hutoka katika maabara. Pasipo maabara, bati la saruji la miaka ya zamani lihesabiwe kuwa na asbesto hadi ithibitike vingine.

Bati zima, lisilopasuka na lisilosuguliwa, hushikilia nyuzi zake ndani ya saruji. Hivyo nyumba yenye paa la namna hiyo si ya kukimbiwa usiku huu. Hatari huanza pale bati linapokatwa kwa msumeno, linapotobolewa kwa keekee, linapopigwa nyundo, linaposuguliwa kwa brashi ya chuma ili kuondoa kuvu, au linapochakaa kwa jua na mvua hadi uso wake ukawa unga.

Kwa mama wa Rumonge nasema hivi: banda la kuku lisijengwe kwa mabati yale. Kulijenga kutadai kukata na kutoboa, na watoto watalifagia kila asubuhi. Mabati yaloweshwe maji, yasivunjwe, yafungwe kwa plastiki nene, yawekwe mahali ambapo watoto na wanyama hawafiki, na baba atoe taarifa kwa mkubwa wake ili yachukuliwe pamoja na mengine. Yasitupwe ziwani, yasizikwe bustanini, wala yasipondwe ili kujazia mashimo ya njia. Mahali palipoanguka vumbi pafutwe kwa kitambaa kibichi, wala pasifagiliwe pakiwa pakavu.

Jambo hili lina uzito wa pekee kwa watu wa mwambao wetu. Kuanzia Kabezi na Magara, kupitia Minago hadi Rumonge na Nyanza-Lac, tumeona jinsi Ziwa Tanganyika lilivyopanda katika miaka ya karibuni. Mwaka 2024 maji yaliingia Gatumba, Bujumbura na Rumonge, yakazifukuza familia katika nyumba zao na kuharibu majengo ya pwani. Jengo likianguka, kila mtu huokota kinachofaa: mbao, misumari, mabati. Ni haki ya maskini kuokoa alichonacho. Lakini ikiwa katika kifusi kuna mabati ya kijivu ya zamani, basi okoaokoa hiyo huwagawia watu vumbi nyumba kwa nyumba. Polisi wanaolinda mahali pa maafa, na askari wanaoitwa kusaidia, wanastahili kulijua hilo kabla ya mtu mwingine yeyote, maana wao ndio hufika wa kwanza.

Tena si paa peke yake. Fundi wa magari anayefungua ngoma ya breki ya lori kuukuu na kuipuliza kwa hewa, hulivuta vumbi lake lote. Aifute kwa kitambaa kilicholowa. Anayerekebisha matangi ya mvuke ya zamani, awe melini au katika kiwanda cha kukamulia mawese, na akakuta mabomba yamefungwa kwa kitu cheupe kama pamba iliyogandishwa, asikichane kwa mikono. Asimame, aulize.

NANI ALIPASWA KUSEMA?

Sasa tumefika kwenye swali la tatu. Ni rahisi kusema kwamba mfanyakazi ajilinde. Lakini mfanyakazi hawezi kujilinda na kitu asichoambiwa jina lake, na askari aliyeamriwa kupanda juu ya paa hupanda. Kwa hiyo ulinzi wa kwanza hauko mikononi mwa aliye juu ya ngazi. Uko mikononi mwa aliyemtuma, na juu yake uko mikononi mwa sheria ya nchi.

Historia ya Uingereza inatupa somo hapa. Mapema mwaka 1898 mkaguzi wa viwanda mwanamke, Lucy Deane, aliandika katika taarifa ya serikali kwamba vumbi la asbesto lina chembe zenye ncha kali kama vioo na kwamba linawadhuru wafanyakazi. Taarifa ikawekwa kabatini. Mwaka 1924 msokotaji mmoja wa nyuzi za asbesto mjini Rochdale, mwanamke wa miaka 33, alifariki, na mapafu yake yakachunguzwa. Mwaka 1930 Daktari Merewether alitoa taarifa baada ya kuwapima wafanyakazi 363, akakuta zaidi ya robo yao wana makovu mapafuni. Ndipo mwaka 1931 zikatoka kanuni za kwanza za kuzuia vumbi hilo viwandani.

Ungedhani mambo yaliishia hapo. Sivyo. Kanuni zile ziliwahusu wafanyakazi wa ndani ya viwanda vya asbesto, zikawaacha nje mafundi wa meli, waashi, mafundi wa mabomba na makuli wa bandarini. Hata huko viwandani, kwa miongo mingi karibu hapakuwa na mwajiri aliyefikishwa mahakamani. Asbesto ya mwisho ilipigwa marufuku Uingereza mwaka 1999, yaani karne moja baada ya taarifa ya Bibi Deane. Na kwa kuwa vumbi hili lina subira, nchi hiyo bado huzika watu wapatao 5,000 kila mwaka kwa ajili yake. Walikosa utekelezaji, ijapokuwa maarifa walikuwa nayo na sheria walikuwa nayo.

Jirani zetu wameanza kujifunza kutokana na hayo. Uganda iliridhia ule Mkataba Namba 162 mwaka 1990. Kenya iliiweka asbesto katika orodha ya taka za hatari kwa kanuni za mwaka 2006, na mwaka 2011 mamlaka yake ya mazingira ikatoa mwongozo wa namna ya kuiondoa na kuizika. Nchini Rwanda Baraza la Mawaziri liliamua mwaka 2009 kwamba mapaa ya asbesto yaondolewe nchini kote, na kazi hiyo ikakabidhiwa mamlaka ya nyumba. Tarehe ya mwisho ilisogezwa zaidi ya mara moja, kwani kuezeka upya shule, ofisi na nyumba za watu kunadai fedha nyingi. Lakini walihesabu kwanza. Walijua mapaa yako wapi na ni mita ngapi za mraba, wakawafunza watu wa kuyashusha, na wakatenga mahali pa kuyazika. Nchi ambayo haijahesabu haiwezi hata kuchelewa kwa utaratibu.

Nasi hatuanzi mikono mitupu. Burundi ni mwanachama wa Mkataba wa Rotterdam, ambao huzitaka nchi zipashane habari kabla ya kuuziana kemikali za hatari, na aina tano za asbesto zimo katika orodha yake. Asbesto nyeupe, ambayo ndiyo iuzwayo zaidi, imezuiwa kuingizwa humo mara nyingi tangu mwaka 2006, kwa sababu maamuzi hutaka ridhaa ya wote na nchi zinazoiuza hukataa. Burundi ni mwanachama pia wa Mkataba wa Basel, ambao huhesabu vumbi na nyuzi za asbesto kuwa taka za hatari. Sheria ya Kazi ya tarehe 24 Novemba 2020 inamtwika mwajiri wajibu wa kulinda afya na usalama wa wafanyakazi wake. Na tangu mwaka 1971 nchi yetu imeridhia Mkataba Namba 81 wa ukaguzi wa kazi, ambao humpa mkaguzi haki ya kuingia mahali pa kazi bila ya kutoa taarifa kwanza.

Huo ni msingi. Juu ya msingi hujengwa kuta, na kuta ni kanuni zinazoitaja asbesto kwa jina lake. Kanuni za namna hiyo, ili ziwe na meno, zinahitaji mambo manne. La kwanza, hesabu: kila jengo la umma, iwe kambi, shule, zahanati au ghala, liandikwe kama lina mabati ya saruji ya zamani, na katika hali gani. La pili, ruhusa: pasiwe na mtu wa kubomoa jengo la namna hiyo bila ya mpango ulioandikwa na watu waliofunzwa. La tatu, mlango: asbesto mpya isiingie nchini. Mizigo yetu mingi huja kwa ziwa kutoka Kigoma na Mpulungu, au kwa malori kupitia mipakani. Polisi na mtoza ushuru wakijua kusoma maandishi ya mzigo na kuuliza cheti cha mabati ya saruji, watakuwa wameokoa mapafu ya watu ambao hawatawafahamu kamwe. La nne, mkaguzi mwenye chombo cha usafiri, kalamu na uwezo wa kusimamisha kazi papo hapo. Faini inayokuja baada ya paa kubomolewa hairudishi vumbi mahali pake.

Kuna watu watakaosema kwamba askari na polisi wana sheria zao za utumishi, na mkaguzi wa kazi hana shughuli nao. Ni kweli kwamba kila utumishi una taratibu zake. Lakini pafu la askari ni pafu kama la mwashi. Mkuu wa kikosi ambaye hawezi kumtuma kijana kwenye uwanja wenye mabomu pasipo kwanza kuwaita wategua mabomu, anaweza vilevile kumwita mtaalamu kabla ya kumtuma juu ya paa la kijivu. Amri nzuri haipungui heshima kwa kutanguliwa na swali.

DAFTARI LA KAZI

Nimeacha kwa makusudi jambo moja la mwisho, kwa sababu familia yenyewe inaweza kulifanya leo bila ya kungoja kanuni. Maadamu ugonjwa huu hukawia miaka 30, ushahidi nao lazima ukae miaka 30. Mtu aliyehama kutoka kambi hii hadi ile, akaugua akiwa na miaka 60, atathibitishaje kwamba aliugua kwa sababu ya kazi? Bima ya jamii hulipa fidia kwa ugonjwa wa kazini, lakini haiwezi kulipa kwa kukisia. Daktari naye, asipoambiwa habari za vumbi, aweza kumtibu mgonjwa kifua kikuu asichokuwa nacho.

Basi shikeni daftari. Andikeni tarehe, mahali, kazi iliyofanywa, aina ya paa au mashine, siku ngapi, na majina ya waliokuwapo. Anayeongoza kazi aiandike vilevile katika kumbukumbu za kikosi. Kila mara mtu anapopimwa kifua, amwambie daktari, "Mwaka fulani nilibomoa paa la eterniti." Maneno hayo machache yana thamani kuliko dawa nyingi zitolewazo kwa ugonjwa usiojulikana. Mama aliyetuandikia amekwisha kufanya nusu ya kazi hiyo bila ya kujua, kwani barua yake ina tarehe, mahali na idadi ya mabati. Ainakili katika daftari lake na kulihifadhi pamoja na vyeti vya kuzaliwa vya watoto.

Wenye kupenda wakate sehemu ifuatayo waibandike ukutani:

1. Bati zima la kijivu lisiguswe bila ya sababu. Lisikatwe, lisitobolewe, lisisuguliwe.

2. Likilazimu kushushwa, lifanywe na waliofunzwa: liloweshwe maji, bolti zifunguliwe, literemshwe kwa mikono pasipo kutupwa. Kitambaa cha kufunga puani hakitoshi; itakiwe barakoa maalumu ya vumbi laini. Tena paa hilo halibebi uzito wa mtu, na wengi wameanguka kwa kulikanyaga bila ya ubao.

3. Nguo za kazi zibaki kazini. Baba aoge kabla ya kumpakata mtoto.

4. Mabaki yafungwe katika plastiki, yaandikwe alama ya hatari, yazikwe mahali palipoteuliwa na serikali. Ziwa si jalala.

5. Kila kazi ya vumbi iandikwe daftarini, na kila daktari aambiwe.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa huu tumeuonyeshwa na wengine waliokwisha kugharimika, nasi tunaweza kuuziba kwa gharama ndogo kuliko yao. Juma lijalo, tukijaliwa, tutazungumza juu ya kuhifadhi maji ya kunywa wakati wa mafuriko. Hadi hapo, nawatakieni afya njema nyote mlioko kambini, vituoni na majumbani.